Sikio la mwanzi: namna ya kulitengeneza na kumwonyesha mtu jinsi anavyosikia na anavyosimama bila kuanguka

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya milango ya fahamu nawauliza wanafunzi wangu swali moja: sikio lina kazi gani? Darasa zima hujibu kwa pamoja, "Kusikiaaa, madam!" Basi nawatoa nje uwanjani. Namchagua mmoja mwenye mbwembwe, namwambia azunguke mara kumi papo hapo alipo, halafu atembee moja kwa moja hadi kwenye mlingoti wa bendera. Hajawahi kufika hata mmoja. Anayumba, anaenda upande, wenzake wanamdaka. Akitulia namuuliza: macho yako mazima? Mazima. Miguu je? Mizima. Sasa nini kimekupeleka kwenye maua ya mwalimu mkuu? Wote kimya. Hapo ndipo somo langu linapoanza, maana jibu ni sikio.

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi kijijini Mufindi, kwenye baridi na ukungu, misonobari upande mmoja na chai upande mwingine. Modeli ya plastiki ya sikio hatuna. Mianzi ipo, vumbi la mbao lipo, na watoto wana mikono. Sikio hili nimelitengeneza mara nyingi kiasi kwamba najua wapi linagoma, na ndiyo sababu naandika. Ukiwa mwalimu utalitumia darasani. Ukiwa mzazi, kaa na mwanao Jumamosi moja mlitengeneze. Litawachukua asubuhi nzima.

Tafuta pingili ya mwanzi mkavu, unene wa kipini cha jembe, urefu wa kiganja. Tafuta puto, ukanda wa tyubu ya baiskeli wa kufungia, chumvi kidogo, karatasi gumu, boksi la sabuni, selotepu, na mita moja na nusu ya mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanaoutumia kupimia levo kwa maji. Huo wa levo ndio pekee utakaokugharimu, na fundi yeyote mtaani kwako ana kipande kilichobaki. Usiku wa kuamkia siku ya kazi, loweka konzi moja ya vumbi la mbao kwenye kopo la maji. Asubuhi mwaga linaloelea, acha lililozama kabisa, chukua lile linaloning'inia katikati ya maji. Usipuuze hatua hii, utaona baadaye kwa nini.

Tundu na ngoma

Kata pingili pande zote mbili kwa ndani ya vifundo ili iwe bomba wazi, kisha ilainishe midomo kwa msasa au kwa kuisugua kwenye jiwe. Mwanzi wenye makali hupasua puto. Kata puto, livute juu ya mdomo mmoja hadi likaze kama ngozi ya ngoma, funga kwa ukanda wa tyubu. Viringisha karatasi gumu kama faneli uichomeke kwenye mdomo mwingine. Faneli ni sikio la nje, hili tunalolivuta watoto wakikosea (na tusilivute tena). Bomba ni tundu la sikio. Puto ni kiwambo.

Simamisha mwanzi kiwambo kikiwa juu, nyunyiza chumvi chache juu yake, mwambie mtoto aseme "ooo" kwa sauti nzito ndani ya faneli kwa chini. Chumvi inaruka. Mwambie apandishe sauti iwe nyembamba, "iii". Chumvi inajipanga kwa namna nyingine, wakati mwingine inatulia kabisa. Nimeona watoto wa miaka tisa wakikaa nusu saa kwenye hatua hii moja, wakigombea zamu, na siwaharakishi. Mtoto aliyeona sauti ikirusha chumvi ameshaelewa kwamba sauti ni hewa inayotikisika, na hatalisahau hilo kwa sababu ya mtihani.

Kisha mpe vipimo halisi. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5 tu. Kiwambo chake kina upana wa karibu sentimita 1 na unene wa kama milimita 0.1. Ukishamwonyesha kwenye rula sentimita mbili na nusu ni ngapi, mwambie sasa achukue njiti ya kiberiti, aiweke pembeni ya rula. Njiti ni ndefu kuliko tundu. Kwa hiyo anayechokonoa sikio kwa njiti, au kwa ufunguo wa pikipiki kama ninavyoona vijiweni, yuko mlangoni pa kiwambo kila mara, na akigongwa kiwiko na mwenzake amekitoboa. Nta haihitaji kuchokonolewa. Ngozi ya tundu hukua polepole kutoka ndani kwenda nje na kuibeba nta hadi mlangoni, kazi yako ni kuipangusa kwa kitambaa inapofika nje. Njiti huirudisha ndani na kuishindilia.

Vifupa vitatu, na sababu ya kuwepo kwao

Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3, mdogo kuliko nusu ya punje ya mchele. Vitabu vingi huishia kuvitaja majina watoto wakariri. Swali la maana ni kwa nini vipo, na hilo linaonyesheka.

Sikio la ndani limejaa majimaji. Sauti ya hewani ikigonga maji, karibu nguvu yake yote hurudi hewani. Ndiyo maana aliyezama mtoni hasikii unachomwitia kutoka ukingoni. Mwili ulipaswa kutafuta namna ya kuisukuma sauti iingie majini. Ukitaka kuonyesha, subiri mvua inyeshe, udongo wetu mwekundu ulainike, kisha mwite mtu aliyevaa viatu vya mchuchumio asimame karibu na aliyevaa kandambili. Uzito unaweza kuwa sawasawa, lakini kisigino chembamba kinadidimia. Nguvu ile ile ikikusanywa mahali padogo inakuwa kali zaidi. Kiwambo ni kipana, eneo la kitako cha kikuku ni dogo mara kama 17 kuliko la kiwambo, na vifupa navyo vimekaa kama wenzo. Kwa jumla mgandamizo unaofika kwenye majimaji umekuzwa kama mara 20.

Kwenye modeli, gundisha kijiti chembamba katikati ya puto kikitokeza nje kama ulimi wa kengele, ncha yake iguse maji kwenye kizibo cha soda. Piga kelele kwenye faneli. Maji yanatetemeka kwa viduara. Ikikataa, kijiti ni kizito. Tumia cha ufagio.

Kile chumba chenye hewa kina mlango wake wa nyuma, mrija unaoshuka hadi kooni, unaoitwa mrija wa Yustakio kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16. Huu huuoni kwenye mwanzi wangu. Utauona ukisafiri. Siku ukipanda basi kwenda Dar es Salaam, kunywa maji yako yote hapo Ilula, funga kizibo cha chupa tupu kikaze. Basi likishuka mteremko wote wa Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, itazame chupa: imebonyea. Hewa ya bondeni ni nzito kuliko ya juu, imeikandamiza. Fungua kizibo, inajinyoosha yenyewe. Masikio yako yalikuwa yakifanya jambo lile lile njia nzima. Ulipohisi yameziba, kiwambo kilikuwa kimesukumwa ndani, na ulipomeza mate ukasikia "tak", mrija ulifunguka kama kizibo. Basi unaposhuka, meza mate, piga miayo, tafuna kitu. Mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe wakati wa kushuka. Kumeza kwake ndiko kutakakomwondolea kilio.

Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mafua yanapanda kwa urahisi hadi kwenye chumba cha vifupa. Huku kwetu Juni na Julai, kila nyumba ina mtoto mwenye mafua na kila darasa lina mtoto anayetoa usaha sikioni. Tafadhali msimwagie mafuta ya moto wala maji ya kitunguu. Sikio linalotoa usaha mara nyingi kiwambo chake kimetoboka, chochote unachomwaga kinaingia hadi kwenye vifupa. Mpeleke zahanati apate dawa, na nyumbani mkaushe: sokota kipande cha kitambaa safi au karatasi laini kiwe kama utambi, kiingize taratibu, kikilowa kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na usikiache ndani. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, usisubiri kesho.

Konokono

Sauti ikishaingia kwenye majimaji inafika kwenye koklea, mrija uliojiviringa kama gamba la konokono. Ukiunyoosha unapata kama milimita 35. Ndani yake kuna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo. Majimaji yakitikisika vinyweleo vinapinda, chembe zinatuma umeme kwenye neva, na ubongo unasikia. Kila mahali pana sauti yake: karibu na mlango hupokelewa sauti nyembamba, kilio cha mbu, filimbi, herufi "s", kule ndani kileleni hupokelewa sauti nzito, ngoma na ngurumo za radi. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi linavyosafiri humo na kufikia kilele mahali tofauti kwa kila sauti.

Darasani natengeneza koklea kwa kuviringisha ukanda wa karatasi ya manila niliouchanachana pembeni kama kitana. Mapema nawaandikisha watoto juu yake sauti za kijijini kwa mpangilio, kuanzia nyembamba hadi nzito. Mwaka jana waliandika mbu, kifaranga, simu ya madam, kengele, mama, mwalimu mkuu, trekta, radi. Kisha nachukua mkasi, nakata vinyweleo vya mwanzo mbele yao, nawauliza ni nini hakisikiki tena. Wanasoma: mbu, kifaranga, simu ya madam.

Hapo huwa nawasimulia habari za baba yangu. Alifanya kazi ya kupasua mbao miaka mingi, kwanza na chensoo porini, baadaye kwenye dingdong, hizi mashine ndogo za mbao zilizojaa Mafinga na vijiji vyake. Hakuwahi kupewa kitu cha kuziba masikio na hakuna aliyemwambia kwamba kinahitajika. Leo ukimwita kwa sauti nzito anaitika. Lakini mama akimwambia, "Mzee, shika kikombe," yeye anajibu, "Nifike wapi?" Zile "sh" na "s" na "f" ni sauti nyembamba, kwake zote zimekuwa upepo mmoja. Wajukuu wakimsalimia haelewi walichosema, anacheka tu na kuwapapasa kichwa. Watu walisema anajifanya. Nami kwa muda fulani nilidhani hivyo, na hadi leo linaniuma.

Chembe hizo zikifa hazioti tena kwa binadamu. Kuku, huyu huyu wa uani, akipoteza za kwake huota nyingine, sisi hapana. Kwa hiyo kinga ni yote tuliyo nayo. Kiwango kinachochukuliwa kuwa salama kazini ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unagawanywa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Endelea kugawa na watoto ubaoni mpaka ufike 109, maana chensoo hufika huko. Watapata chini ya dakika mbili. Na kipimo kisichohitaji mashine ni hiki: simama umbali wa mkono kutoka kwa mwenzako. Ikibidi mpayuke ndipo msikilizane, mahali hapo panaharibu masikio. Pamba haitoshi, inapunguza kidogo mno. Nunua plagi za masikioni au vifuniko vile vikubwa vya kichwani vya mafundi, uvae tangu mashine inapowaka hadi inapozimwa. Mwajiri wako asipokupa, mdai.

Levo tatu

Sasa tumefika kwenye maua ya mwalimu mkuu.

Kata ule mpira wa levo vipande vitatu vya sentimita 45 hivi. Chovya kipande chote kwenye beseni lenye maji na lile vumbi la mbao ulilochagua, kijae, kisha ukiwa bado chini ya maji unganisha ncha zake kwa kipande cha ganda la kalamu kilichoingia kwa kubana. Ukiunganishia nje, kiputo cha hewa kitabaki ndani na kitaharibu kila kitu. Kausha, zungushia selotepu. Una duara lililojaa maji, na vumbi linakuonyesha maji yanavyokwenda. Lile linaloelea au kuzama lisingekuonyesha kitu, ndiyo maana nilikuambia usipuuze.

Laza duara mezani, subiri vumbi litulie. Sasa lizungushe ghafla. Mpira umeondoka, vumbi limebaki nyuma. Endelea kuzungusha bila kusimama: taratibu maji yanaufuata mpira, mpaka vyote vinakwenda pamoja kana kwamba hakuna kinachozunguka. Sasa simamisha ghafla. Mpira umetulia, na vumbi linaendelea kwenda! Rudia mara tatu, nne. Kila mtoto afanye kwa mkono wake, amweleze mwenzake alichoona kabla hujafungua kinywa.

Ndani ya kila sikio, jirani na koklea na yakichangia majimaji yale yale, kuna maduara matatu kama haya, yanayoitwa mifereji nusu duara. Kila moja lina upana unaokaribia wa punje ya hindi. Kwenye mzizi wa kila mfereji kuna kipazia cha ute mzito, kama mlenda ulioganda, kilichoshika vinyweleo. Kichwa kikigeuka majimaji yanachelewa, kipazia kinapinda, ubongo unaambiwa tumegeuka. Yule mtoto wetu aliposimama baada ya mizunguko kumi, majimaji yake yaliendelea kwenda kama vumbi letu, yakapinda vipazia upande wa pili. Ubongo ukaamini anazunguka kinyume, ukaisukuma miguu imrekebishe, ikampeleka mauani. Mrudishe uwanjani azunguke tena, safari hii wenzake wamtazame machoni akisimama tu. Macho yanarukaruka kwenda upande mmoja, yenyewe, bila yeye kutaka. Hilo huwatia watoto ubaridi wa mwili, kisha maswali hayaishi.

Kwa nini matatu? Chukua boksi la sabuni, tazama kona moja ya ndani ambapo kuta mbili zinakutana na sakafu. Gundisha duara moja kwenye sakafu, moja kwenye kila ukuta. Tikisa boksi kama mtu anayekataa, kisha kama anayeitikia, kisha kama anayelaza kichwa begani. Kila mwendo una duara lake linalouhisi kuliko mengine, na hakuna namna ya kugeuza kichwa ambayo itayakwepa yote matatu.

Watu wazima nikiwaonyesha hili huuliza habari za ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ni swali zuri, hasa masika ulanzi unapokuwa mwingi. Pombe ikiingia kwenye damu hupenya kwenye vile vipazia mapema kuliko kwenye majimaji yanayovizunguka. Vipazia vinakuwa vyepesi, vinaelea, vinapinda bila kichwa kugeuka. Mtu analala, kitanda kinazunguka.

Kuna jambo jingine la mifereji hii unaloweza kulifanya sasa hivi ukiwa umeshika simu hii. Tikisa kichwa upesi kulia na kushoto huku ukisoma mstari huu. Unasomeka. Sasa tuliza kichwa, tikisa simu kwa kasi ile ile. Maneno yamefutika. Kichwa kilipotikisika, mifereji iliyaambia macho yageuke kinyume kwa kiasi kile kile, kabla hata hujafikiri. Ndiyo inayokuwezesha kumtambua mtu njiani huku unatembea, au huku umebebwa na bodaboda kwenye makorongo.

Mawe ndani ya kichwa

Mifereji inajua kugeuka tu. Kujua juu ni wapi, na kwamba basi limefunga breki, ni kazi ya vifuko viwili vilivyo kwenye mzizi wa mifereji. Ndani yake kuna tabaka la ute lililopakwa vijiwe vidogo mno vya kalisi kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye mawe ya chokaa ya Songwe na kwenye ganda la yai. Pika uji mzito wa muhogo, umwage kwenye sahani upoe ugande, nyunyiza mchanga juu, inamisha sahani. Mchanga mzito unauvuta uji kuelekea chini. Vinyweleo vilivyo chini ya ute vinavutwa hivyo hivyo ukiinamisha kichwa.

Vijiwe hivyo vikibanduka vikadondokea kwenye mfereji, ni balaa, nami nimeliona kwa shangazi yangu. Kila akijigeuza kitandani upande wa kulia, nyumba ilimzunguka. Akitazama juu kutoa sufuria kabatini, hivyo hivyo. Kila mara ni nusu dakika hivi, kisha kwisha. Alipimwa presha mara kadhaa, alimeza dawa za malaria bila malaria, majirani wakaanza maneno yao. "Mwanangu, naogopa kulala," aliniambia. Kisha tukampata tabibu mmoja, kijana mpole, aliyemsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, hebu panda kitandani." Hakumpa hata kidonge.

Alichofanya kinaitwa Epley, kwa jina la daktari wa Marekani aliyekibuni, John Epley. Nilikitazama kwa makini. Alimketisha katikati ya kitanda miguu imenyooka, mto ukiwa nyuma yake mahali mabega yatakapotua. Akamgeuza kichwa kulia nusu ya njia kuelekea begani, akamlaza chali upesi, kichwa kikining'inia kidogo nyuma ya mto. Macho ya shangazi yakaanza kurukaruka kama ya wale watoto uwanjani. Tabibu hakumwachia, alisubiri mpaka yalipotulia, kama dakika moja. Akageuza kichwa polepole hadi upande wa kushoto kwa kiasi kile kile, akasubiri tena. Akamwambia alalie ubavu wa kushoto, kichwa kikigeuka pamoja mpaka pua ikaelekea chini, akasubiri. Mwisho akamwinua taratibu aketi, kidevu kimeinama kifuani. Ukifuatilia kwa duara letu utaelewa: alikuwa akizungusha mfereji hatua kwa hatua mpaka vijiwe vikabingirika vikarudi kwenye kifuko chao. Usiku ule shangazi alilala ubavu wa kulia.

Kwa tatizo la kushoto hatua ni zile zile, pande zikibadilishwa. Mwenye shingo mbovu asijaribu nyumbani. Na kizunguzungu kinachokuja na mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama au kichwa kuuma ghafla si cha vijiwe. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mwaka 1914 Tuzo ya Nobeli ilimwendea Robert Bárány, tabibu wa Vienna, kwa kazi yake juu ya sehemu hii ya sikio. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, akagundua kwamba maji yakiwa baridi au ya moto kuliko mwili wagonjwa wanapata kizunguzungu na macho yanarukaruka. Baridi au joto hufika kwenye mfereji ulio jirani na tundu na kuyaendesha majimaji yake kichwa kikiwa kimetulia. Kwa hiyo ukienda kusafishwa nta kwa maji, na ukafanyiwe na mhudumu wa afya aliyehakikisha kwanza kwamba kiwambo ni kizima, muulize bila aibu kama maji yana joto la mwili, nyuzi 37. Maji ya bomba ya Mufindi asubuhi ya Julai yatakuangusha kutoka kwenye kiti.

Modeli yako iweke kivulini. Puto hukauka na kupasuka baada ya wiki chache, badilisha. Vumbi la mbao nalo huoza na kutoa harufu, kwa hiyo mwaga maji ya maduara kila Ijumaa, na usisahau kuloweka jingine Jumapili usiku kama Jumatatu una kipindi.